Somo Alilolimeza Zaïtoun

Zaïtoun alizaliwa Andoany, kisiwani Nosy Be, katika nchi ya Wamalagasi, katika nyumba ya Wangazija ambao mtoto wa kike hawakumpeleka shule. Kurani aliisoma, herufi za Kifaransa hakuzijua hata moja. Mumewe alipoleta mke mwingine na kumwambia apishe chumba, alifunga nguo zake akavuka bahari kwenda mji wa Mahajanga, akapanga chumba mtaa wa Tsaramandroso, akapata kazi ya kupiga deki katika wodi ya wazazi.

Alipiga deki miaka kumi na mitatu. Mkunga akizidiwa, Zaïtoun aliweka ndoo pembeni, akanawa, akapokea mtoto. Uhuru ulipokuja aliahidiwa koti jeupe la msaidizi wa wauguzi. Koti lilikuja kweli, akavishwa msichana mwenye cheti, ambaye Zaïtoun ndiye aliyemwonyesha kufunga kitovu.

Mwaka 1963 waliletwa wanafunzi wa uuguzi kutoka nyanda za juu, wasiowajua watu wa pwani. Mkuu wao, aliyeitwa Madamu tu, alimwomba Zaïtoun awafundishe desturi za Waislamu. Akawafundisha siku nne, kwa Kimalagasi: baba apewe nafasi ya kumwadhinia mtoto sikioni; kondo la nyuma wapewe wenyewe wakalizike; mama asivuliwe mtandio mbele ya wanaume.

"Mama, kumbe unajua kuliko daktari," alisema Ravao, msichana mwembamba asiyeishiwa maneno.

"Daktari anaona kitandani. Mimi naona hadi uvunguni," Zaïtoun akajibu, nao wakacheka.

Siku ya tano alikuja mganga mkuu. Madamu akafungua daftari na kumsomea yote yale kana kwamba ameyachuma mwenyewe. Zaïtoun aliambiwa awaletee wageni maji. Baadaye Madamu akamuuliza mlangoni, "Kuna lililobaki?"

Lilikuwepo. Zaïtoun alikuwa amewasikia wanafunzi wakisema kwamba kwao mtoto akifa kabla ya kuota meno huitwa mtoto wa maji: hafanyiwi matanga, hufukiwa upesi penye ardhi yenye majimaji. Kwa Waislamu, aliyevuta pumzi hata mara moja ni mtu kamili. Hupewa jina, huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa.

"Hakuna, Madamu," alisema. "Yote umeshayaandika."

Wiki mbili baadaye jirani yake Koulsoum, mke wa Mikidache mpakuzi wa mizigo bandarini, alijifungua mtoto wa kiume palepale wodini. Mtoto alilia kidogo, na kabla ya adhuhuri akafa. Mama alikuwa amezimia, Zaïtoun yuko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Ravao, kwa huruma, ili mama asiamke akaona, alimfunga mtoto katika taulo, akaenda na mlinzi wa hospitali hadi Belobaka, nje ya mji, wakamfukia bondeni kando ya mashamba ya mpunga. Mikidache alipofika na kitambaa cheupe mkononi, alikuta kitanda kitupu.

Madamu alitangaza kwamba Ravao atafukuzwa. Wodi nzima ilimlaani msichana. Koulsoum alimshika Zaïtoun mkono akasema, "Laiti ungekuwepo wewe." Madamu ndiye aliyemdhulumu Zaïtoun, lakini kisasi cha Zaïtoun kilikuwa kimemwangukia mtoto ambaye hata jina hakupata.

Siku ya tatu alibisha kwa Madamu.

"Msichana usimfukuze. Uliniuliza, nikakuficha. Nilijua."

"Kwa nini ulinificha?"

"Ulinituma maji."

Madamu alifunga daftari lake. Kisha akasema Ravao atabaki, na Zaïtoun aache funguo za stoo aende zake, kazi hana tena.

Mchana ule Mikidache, Fundi Maoulida mwalimu wa Kurani, na mlinzi walikwenda Belobaka kumfukua mtoto wamzike upya, Zaïtoun akiwafuata kwa nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na maji yamelifunika bonde. Mlinzi alinyoosha kidole huku, akanyoosha kule, mwisho akashusha mkono. Fundi akasali akielekea kibla, na maji yote yale mbele yake.

Kwa Koulsoum, Zaïtoun aliingia peke yake. Alimwambia jambo zima, wala hakujitetea. Koulsoum hakulia wala hakumfukuza. Alikaa kitandani, maziwa yamelowesha kanga yake.

"Ungemwosha vipi?" aliuliza.

"Koulsoum, mwanangu…"

"Waliokuja na daftari uliwafundisha. Nifundishe na mimi."

Zaïtoun akaanza. Maji ya vuguvugu, yenye majani ya mkunazi. Kichwa kwanza, kwa kiganja, usibonyeze utosi. Kisha ubavu wa kulia, kutoka bega hadi kidole cha mguu. Kisha wa kushoto. Mara tatu, na ya mwisho maji yenye kafuri. Koulsoum alikuwa amepakata mto, mkono wake ukifuata kila neno, na Zaïtoun aliposita, Koulsoum akamwambia, "Endelea. Hujafika kwenye sanda."