Utosi wa Ngongoti

Fundi huyu wa lifti watu walimwita Ngongoti, naye hakuwahi kununa. Mtu anayeinama kwenye kila mlango, hata wa kwake mwenyewe, atakataaje jina kama hilo? Alikuwa na miaka mitano ughaibuni, akishinda ndani ya mashimo ya lifti za watu na kofia ngumu kichwani, na katika miaka hiyo yote alikuwa amehama mara moja tu. Ilikuwa wiki mbili nyuma. Alitoka kwenye chumba alichogawana na mwashi mmoja mkoromaji, akahamia nyumba ya vyumba viwili upande wa pili wa mji, kwa sababu mkewe na binti yao walikuwa wanakuja kuishi naye. Kibali kilishatoka, tiketi zilishakatwa, na ndege ingetua kesho yake saa nne asubuhi.

Jioni ile basi alipaswa kuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani. Badala yake alikuwa na hofu, tena hofu ya mtoto wa miaka sita.

Alimwacha binti huyo akiwa na mwaka mmoja, anatambaa. Tangu hapo mtoto alikulia nyumbani kwa wazazi wa Ngongoti pamoja na mama yake, na baba mtu akawa sura ndani ya kioo cha simu. "Baba wa Simu," ndivyo alivyomwita, bila ubaya wowote. Jumapili iliyopita mtoto huyo aliukaribia uso wa simu mpaka pua ikajaa kioo kizima, akauliza, "Nitakujuaje?"

"Utanijua tu. Nitakuwa hivihivi unavyoniona."

"Hivihivi kabisa?"

"Kabisa."

"Maana ukiwa si wewe, mimi sitaki kubebwa."

Ahadi ni deni, na Ngongoti alikuwa ameahidi huku nywele zikimwota kama shamba lililotelekezwa. Kinyozi wake wa siku zote, Mzee Taratibu, alikuwa mbali mabasi mawili na mwendo wa mguu, na saa kumi na moja huwa ameshafunga. Ngongoti alitoka kazini saa kumi na moja na nusu, kwa kuwa lifti ikikwama haiulizi kesho unampokea nani. Hivyo alijitosa kwenye duka la kinyozi lililokuwa karibu na nyumba yake mpya, duka la viti viwili na feni moja iliyopiga kelele nyingi kuliko upepo.

Ndani alimkuta mwanamke wa makamo, kilemba kichwani, akifuta vitana kwa spiriti.

"Dada, kinyozi ametoka?"

"Hajatoka," mwanamke alijibu. "Anakutazama."

Ngongoti alikohoa kikohozi cha mtu aliyeumbuka, akaketi. Kinyozi alikishusha kiti mpaka mwisho, na bado ilimbidi anyooshe mikono. Alimfunga shuka shingoni. "Haya kaka, tunafanyaje?"

Kwa miaka mitano hakuwahi kuulizwa swali hilo. Kwa Mzee Taratibu mtu hukaa, husinzia, huamshwa. Ngongoti alitoa simu akamwonyesha picha yake ya mwezi uliopita. "Hivi. Usizidishe, usipunguze. Kesho mwanangu anakuja, hajaniona ana kwa ana tangu akiwa mchanga. Lazima anikute hivi, la sivyo hatanijua."

Kinyozi aliitazama picha, akakitazama kichwa, akazunguka nyuma.

"Mimi nina utaratibu wangu," alisema mwishowe. "Kabla sijagusa kichwa cha mtu, namwonyesha kwanza nilichokikuta. Nimeshaambiwa mara mbili kwamba kovu la utotoni nimelitia mimi." Alichukua kioo cha mkono, akakiinua nyuma ya kichwa, na kwa kitana akazipandisha nywele za juu taratibu.

Ngongoti alitazama kioo cha mbele kilichobeba kile cha nyuma. Katikati ya utosi wake palikuwa peupe, pameng'aa, pana kama kisahani cha chai.

"Umenifanya nini?" alipiga kelele.

"Kaka, hata mashine sijawasha."

Nyani haoni kundule, na mtu mrefu haoni utosi wake. Wala hakuna wa kumwonyesha, maana wenzake kazini humfika begani, kofia haivuliwi mchana kutwa, na kioo cha bafuni kilimkata kwenye paji la uso. Mke naye alikuwa akimwona kwa mbele tu, kama picha ya kitambulisho. Mtu mmoja pekee duniani ndiye aliyekuwa akikitazama kichwa hicho kwa juu kila mwezi. Ngongoti alimpigia simu hapohapo, akaweka sauti kubwa.

"Ngongoti!" Mzee Taratibu alifurahi. "Umepotelea wapi?"

Kabla hajajibu, kinyozi aliinamia simu. "Shikamoo mzee. Mimi ni kinyozi wa huku alikohamia. Huyu kaka alikuwa hajui kama ana upara."

Sauti ya mzee ilishuka.

"Umemwambia?"

"Nimemwonyesha."

"Basi," mzee alimwambia kinyozi. "Mwanangu, huo upara nimeulea mwenyewe tangu ukiwa kama kifungo cha shati. Alikuwa anakuja amechoka, habari zake zote ni mtoto, mtoto, kibali kimekataliwa, naomba tena, mtoto. Ningeongeza na hilo? Nikawa navuta za pembeni, nazilaza juu, natia mafuta kidogo zikae."

"Mzee, miaka mingapi?" Ngongoti aliuliza.

"Mitatu. Minne. Usiniweke kizimbani. Na wewe kinyozi mwanangu, za kushoto anzia nyuma ya sikio, za kulia ni kaidi."

Simu ilipokatika, Ngongoti hakujua acheke au alie. Alimkasirikia mzee, na papo hapo akampenda kuliko siku zote alizonyolewa naye. Miaka minne mtu anakufichia jambo kwa vidole vyake, na wala hadai hata asante. Lakini picha ile kwenye simu, sura aliyomwahidi mtoto kwamba ni yeye kabisa, ilikuwa kazi ya mikono ya mzee.

"Nimeshaelewa anavyofanya," kinyozi alisema. "Naweza kukulazia kama alivyokuwa anakulazia, utoke hapa sawasawa na picha. Ni wewe tu."

Ngongoti alikaa akiwaza. Kesho angepita salama, labda. Na keshokutwa? Mtoto akibebwa mabegani, kitu cha kwanza kuwa chini ya kidevu chake ni utosi wa baba yake. Angegundua kwamba Baba wa Simu alikuwa na udanganyifu wake, na pengine angedai ateremshwe. Bora asikutambue leo kwa ukweli kuliko akukane kesho kwa uongo. Hivyo alijiambia.

"Nyoa," alisema.

"Zipi?"

"Zote. Ziende chini sawa na hapo katikati."

"Una hakika? Nikipitisha njia moja hakuna kurudi."

"Maji nimeshayavulia nguo, dada."

Mashine iliunguruma. Nywele zilianguka kwenye shuka, nazo hazikuwa nyingi kama alivyodhani. Kinyozi alimaliza kwa wembe, akapangusa kwa taulo la moto, akampaka mafuta, akampulizia poda shingoni. Ngongoti alijitazama. Alimwona mtu mwenye masikio makubwa ambayo yeye hakuwahi kuwa nayo.

"Nimezeeka?"

"Kidogo," kinyozi alisema. "Ila sasa unaonekana mtu mmoja."

Asubuhi yake, uwanja wa ndege, milango ya kioo ilifunguka na kufungika mara mia, kisha mkewe akatokea akisukuma toroli. Alimwona mumewe, akaziba mdomo kwa kiganja. Nyuma ya gauni lake palichungulia uso ambao Ngongoti aliujua kila pembe yake, na ambao hakuwahi kuugusa tangu uote meno yote.

"Huyo hapo baba," mama alisema.

Mtoto alianzia kwenye viatu, akapanda polepole, maana safari ilikuwa ndefu, akafika juu. Akatikisa kichwa.

"Baba wa Simu ana nywele."

"Nilikuwa nazo," Ngongoti alisema. Mama alimsukuma mtoto kidogo mgongoni, mtoto akazidi kung'ang'ania gauni. Watu waliwapita na mizigo yao. Ngongoti akapiga magoti palepale kwenye sakafu, akainamisha uso ili mwanawe asiyaone machozi ya mtu asiyemjua.

Akahisi kidole. Kilimgusa utosini, kikasita, kikaanza kuzunguka duara taratibu, kisha kiganja kizima kikatua, kidogo, chenye joto.

"Mama," mtoto alisema kwa mshangao, "kichwa kama cha Babu!"

"Kila jioni humpaka babu yake mafuta hapo kwenye upara," mke alimwambia Ngongoti, akicheka na kulia kwa pamoja. "Hakubali mtu mwingine ampake."

Mtoto hakuwa akiwasikiliza. Aliliachia gauni, akaja na mkono wa pili, akakishika kichwa pande zote mbili, akakikagua mbele na nyuma.

"Mama," alisema, "huyu ni wa kwetu."