Kofia Mkononi

Jeshi lilinifundisha kuvua kofia na posta ikanipa kofia ya kuvua. Hayo mawili ndiyo yaliyoniaibisha uzeeni.

Nilirudi kutoka vita vya Burma na medali, na mguu mmoja usiopenda baridi. Posta wakaniajiri kupeleka telegramu kwa baiskeli katika mitaa ya Eastlands. Barua za watu zilikwenda kwenye masanduku, lakini telegramu ilifikishwa mpaka mlangoni, na karani alininong'oneza kilichomo ili nijue ipi ya kuharakisha. Kama ni mtu anakuja na treni au mtoto amezaliwa, nilibisha na kofia kichwani. Kama ni msiba, niliivua kwanza. Hakuna aliyeniagiza. Kule Burma hatukumzika mwenzetu tukiwa tumevaa kofia, nikaona haifai kumpelekea mtu kifo nikiwa nimevaa yangu.

Mtaa ulijifunza upesi. Wanawake wakifua mferejini walinitazama kichwa tu. Kofia ikiwepo, waliendelea kufua. Niliona naheshimika, na heshima hiyo niliipenda.

Nilipostaafu niliendelea kuivaa, maana upara wangu na jua havipatani. Kisha binti yetu akaposwa. Wakwe wangekuja Jumamosi, na mke wangu, ambaye ndiye angezunguka kualika majirani, alikuwa kitandani na malaria. Kupokea wakwe katika nyumba isiyo na watu ni fedheha, basi nikatoka mwenyewe. Nilianza na mama mmoja jirani, wa kutoka magharibi mwa nchi, ambaye mumewe alifanya kazi kiwanda cha rangi Baba Dogo. Sikuwahi kwenda kwake kama mgeni, na mgeni mwenye adabu hasimami mlangoni kwa mtu na kofia. Nikaivua, nikabisha.

Alifungua, akanitazama kichwani, kisha mikononi. Akaanguka palepale, akaanza kumlilia mumewe kwa jina.

"Mama, nimekuja kuwaalika," nilisema. Kwa kilio kile hata mimi sikuisikia sauti yangu. Milango ikafunguka kila upande. Mmoja akamshika mabega, wengine wakatoa viti nje, watu wa kanisa lake wakaanza kuimba. Nilizunguka katikati yao nikisema si msiba, si msiba, na kila niliyemshika mkono alinipa pole. Ingetosha nivae kofia. Nilikuwa nayo mkononi muda wote na sikukumbuka.

Mumewe akatokea na nguo zake za kazi, zimejaa madoa ya rangi. Alisimama kusikiliza aliyekufa ni nani, akasikia ni yeye. Akaniona.

"Mzee," aliniambia, "mimi umeniua lini?"

Watu walicheka mpaka wakakalia viti vile vya matanga. Mkewe hakucheka. Alikuwa amemshika mume shati kwa mikono miwili, na hakutaka kunitazama. Niliona haya ambayo sikuwahi kuiona, hata jeshini nilipovuliwa cheo mbele ya wenzangu. Miaka yote ile nilidhani nawahurumia watu. Kumbe nilikuwa nimewafundisha kuogopa kichwa changu kitupu. Nikarudi nyumbani bila kumwalika mtu.

Binti yangu alikuwa amekwisha kusikia. "Baba, si ungeacha tu kofia kwa kichwa?" aliniuliza. Alikwenda kualika mwenyewe.

Jumamosi walikuja wote, hata yule mama, ambaye alikaa jikoni akisukuma chapati. Wakwe walipoingia wote walivua kofia zao. Mimi, baba mwenye nyumba, niliwapa mkono na yangu kichwani kama mtu asiyelelewa. Mkwe mwenzangu aliitazama, akamtazama mke wangu, aliyekuwa amepata nafuu, kisha akatazama chini. Nilitokwa na jasho, lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi na sikuthubutu kuivua.

Siku hizi nikienda kumsalimu yule mama, napiga hodi nikiwa bado mbali. Yeye huuliza kutoka ndani:

"Una kofia kichwani, mzee?"

"Ninayo, mama."

"Basi ingia."