Vidonge vya Watu Wawili

Nilipoanza kazi ya ufamasia Mbinga, kila mwezi alikuja dirishani kwangu mama mmoja kutoka Mbamba Bay. Alikuwa amekatwa titi kwa sababu ya saratani, na hospitali kubwa ilimwandikia kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Nilikuwa nampa vya mwezi mzima, namuuliza kama miguu inavimba, namsisitizia asiruke hata siku moja. Naye alikuwa ananiachia usipa mkavu, visamaki vya ziwani kwao, ndani ya gazeti, nikikataa anajifanya hasikii. Nayakumbuka sana mazungumzo yale.

Mwezi mmoja alikuja wiki mbili kabla ya siku yake.

"Shikamoo, mama. Mbona mapema?"

"Marahaba, mwanangu. Vimeisha."

Nilimwingiza ndani, nikampa kiti. "Mama, sikugombezi. Nieleze tu vimekwendaje."

Alichezea ncha ya kanga. "Mdogo wangu naye ana uvimbe kwenye titi. Anaogopa kisu. Nikaona, mimi vinanisaidia, basi tumeze wote. Kila asubuhi changu, chake."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilimweleza kwamba dawa ile huandikwa baada ya mtu kupimwa, kwamba inaweza kugandisha damu mwilini, na kwamba uvimbe wa mdogo wake hakuna aliyekwisha kuuchunguza.

"Hatakuja," alisema.

Tukampigia simu palepale. Mdogo wake alinisikiliza, kisha akauliza, "Wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mama. Na vile vidonge acha leo."

Jumatatu walikuja Mbinga na basi dogo, wamevaa doti moja ya kanga. Nilimpeleka mdogo kwa daktari, nikakaa nje na dada yake mpaka mlango ulipofunguliwa. Sampuli ya uvimbe ilisafirishwa mbali kupimwa, na katika wiki zile za kusubiri nilikuwa nawapigia simu kila Ijumaa, mara nyingine bila la kusema.

Majibu yakaja: haikuwa saratani.

Dada mtu alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe nilikuwa namlisha dawa yangu bure."

Tangu siku hiyo walikuja wote wawili kila mwezi, ingawa mgonjwa alikuwa mmoja. Mdogo ndiye aliyeuliza maswali yote, na ndiye aliyemkumbusha dada yake kila asubuhi. Nilihamishwa kabla hawajamaliza ile miaka mitano. Mahali nilipo sasa wagonjwa huchukua dawa zao na kuondoka haraka, nami huwa natamani mmoja wao akae kidogo.