Mistari Miwili Nyuma ya Jiko

Dada yangu alirudi kutoka hospitali amepona mwili tu. Alikuwa ametoa mimba kwa siri, nusura afe, na habari zilifika kijijini kwetu Bukiriro kabla yake. Ulikuwa msimu wa kupanda maharage. Kwetu wanawake hulimiana kwa zamu, na wanaamini kwamba aliyetoa mimba hagusi mbegu, akiigusa, haioti. Basi wenzake walipokwenda shambani, yeye alibaki akifagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

"Nani alipima akaona haioti?" nilimuuliza mama.

"Haya, msomi, kapime wewe." Akachukua jembe lake, akaondoka.

Nikachota mbegu bakuli moja, nikachimba mistari miwili nyuma ya jiko, nikamwita dada apande. Nilidhani atafurahi. Alirudi nyuma, akaficha mikono ndani ya kanga.

"Na zisipoota?"

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na kijiji kizima, kumbe aliyeamini kuliko wote alikuwa yeye.

"Mstari mmoja wako, mmoja wangu," nilisema. "Zikigoma zote, tutalaumu udongo."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu arudi. Akapanda.

Siku zile nilishinda nikifukuza kuku. Mimi ninayehoji kila kitu, hata mahubiri ya Jumapili, nilijikuta naomba mvua. Nilikuwa nimeweka rehani moyo wa dada yangu kwa ajili ya hoja yangu, na mpaka leo sijui ningemwambia nini kama kuku wangeniwahi.

Asubuhi ya sita aligonga dirisha langu. "Msomi! Toka uone!"

Mstari wake ulikuwa umepasua udongo, sawa na wangu. Alichuchumaa akayahesabu machipukizi kwa kidole, akarudia tena. Tulipogeuka, mama alikuwa nyuma yetu. Aliinama akaitazama mistari yote miwili.

Zamu ya shamba letu ilipofika, mama alimkabidhi dada kikapu cha mbegu mbele ya wote.

"Na huyu naye?" jirani mmoja aliuliza.

"Huyu ndiye anayepanda. Asiyetaka, njia ile pale."

Majembe yalisimama. Kisha jirani yuleyule akaikinga kanga yake mbele ya kikapu.

"Haya binti, nigawie basi. Jua linapanda hilo."

Dada alizamisha mikono yote miwili kwenye mbegu, akamjazia.