Ana Filimbi

Nilikuwa kaunta ya ofisi ya chuo kimoja hapa Arusha, nikifuatilia cheti cha binti yangu. Mbele yangu alisimama mwanamume mwenye mvi, mkono wa kushoto kavaa glavu ya gofu. Akaniambia ni kocha msaidizi wa gofu chuoni hapo tangu ujana wake, na mkuu wake amestaafu juzi.

“Dada, ile nafasi ya kocha mkuu imefikia wapi?”

“Amepewa yule wa voliboli,” akajibu katibu muhtasi bila kuinua macho.

“Amewahi kushika fimbo ya gofu?”

“Hapana. Ila ana filimbi.”

“Gofu haina filimbi, dada.”

“Ndiyo maana wachezaji wenu kila siku wametawanyika uwanja mzima! Utamwelekeza taratibu, kaka. Si wewe ndiye msaidizi?”

Nilingoja agonge meza. Akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akaitia mfukoni, akasema, “Asante.”

Nchi hii ukiuweza usaidizi, umekwisha. Nani atakubali kukupoteza?

Filimbi ikalia uwanjani. Mzee wa watu akaitoa glavu mfukoni, akaondoka mbio huku akiivaa.