Maikrofoni Iliyouma Wanawake Tu

Mara ya kwanza ilinipiga mdomoni. Nilikuwa naanza ubeti wa pili, midomo ikagusa chuma, nikahisi kama nimeng'ata nyuki. Niliruka nyuma nikamkanyaga mpiga ngoma, wenzangu wakaangua kicheko.

Hiyo ilikuwa Lindi, enzi ya Mwingereza, wakati umeme wa mji ulikuwa umefika kwenye nyumba chache za barabara kuu na kwenye ukumbi tuliofanyia mazoezi ya taarabu. Waimbaji wanawake tulikuwa wawili tu, mimi na shoga yangu. Wanaume walipiga fidla, udi, kodiani na ngoma. Tulikuwa tumezoea kuimba kwa makoo yetu wenyewe. Kisha mwenyekiti wa kikundi, karani wa forodhani, akarudi na meli kutoka Dar es Salaam akiwa na amplifaya, spika, na maikrofoni ya chuma iliyong'aa kama birika la harusini.

"Imenipiga," nilimwambia.

"Imekupigaje?"

"Umeme, Bwana Mwenyekiti. Umenipiga mdomoni."

Aliishika kwa mikono miwili, akasema halo, halo, kisha akanigeukia. "Mbona mimi sisikii kitu?"

Akampa mpiga fidla, mzee aliyetufundisha karibu sote. Naye hakusikia kitu. "Ni woga, mwanangu," mzee alisema kwa upole. "Hujazoea tu." Upole ule ulinikera kuliko kicheko.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba haikuuma kila siku. Leo inauma, kesho imetulia kabisa, nami naonekana mzushi. Shoga yangu nilimuuliza nyumbani kwake, tukikuna nazi, kama yeye haimpati. Aliendelea kukuna bila kuniangalia.

"Inanipata," akasema. "Ila mimi nanyamaza. Mume wangu kaniruhusu kuimba kwa taabu. Akisikia kuna kupigwa na umeme, nimekwisha."

"Basi tuseme sote wawili!"

"Sema wewe. Wewe wameshakuzoea kwa kelele."

Habari zilimfikia mavyaa wangu. Akasema kuna watu wanaonihusudu kwa sauti yangu, akaleta ubani na chetezo, akanifunika shuka nikafukizwa mpaka nikakohoa machozi. Sikumbishia, kwa kuwa ni mama wa mume wangu. Mazoezi yaliyofuata maikrofoni iliniuma vilevile.

Niliyaona mambo kwa miguu yangu mwenyewe. Sisi wanawake tulivua viatu mlangoni kwa sababu tuliketi mkekani, na zamu ya kuimba ikifika tulisimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji, iliyomwagiwa maji kila adhuhuri ili vumbi litulie. Wanaume waliketi vitini na viatu vyao vya raba. Hivyo siku moja nikaja na makatambuga ya mume wangu, yale ya tairi, nikayavaa wakati wa kuimba. Maikrofoni haikuuma. Nikayavua, nikaigusa kwa ncha ya kidole: ikauma. Nikafurahi kama mtu aliyepata alichopoteza.

"Bwana Mwenyekiti, vua viatu uje uishike!"

Aliitazama miguu yangu, si maikrofoni. "Ndiyo utakayovaa mbele ya wageni? Gauni la hariri na makatambuga? Watu waseme Lindi ni washamba?"

"Vua viatu, tafadhali."

"Mimi si mtoto wa kuchezewa." Akaenda zake.

Kulikuwa na jambo jingine. Pale waya wa amplifaya ulipoingia kwenye plagi, kijiwaya cha kijani kilikuwa kimekatwa, kimebaki kimechomoza. Niliuliza kilikuwa cha kazi gani.

"Hakina kazi," mwenyekiti alisema. "Mashine ilikuja na plagi ya miguu mitatu, tundu za ukutani hapa ni mbili. Nikaweka plagi ya miguu miwili, kilichobaki nikakikata. Mashine inafanya kazi au haifanyi?"

"Inafanya."

"Basi."

Nikaanza kuizungushia maikrofoni kipande cha kanga. Akakitoa. Nikakirudisha, akakitoa tena, akasema kinaziba sauti. Mwisho nilichoka. Mtu unachoka kusema jambo lilelile kwa watu walewale wanaokujibu kwa uso uleule.

Ikaja harusi ya mfanyabiashara mmoja wa mjini, alasiri, katikati ya masika. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, na wakubwa wa boma waliketi mbele. Bati lilikuwa linavuja. Maji yalitambaa sakafuni mpaka pale tulipokuwa tunasimama. Nilimwambia mwenyekiti siimbi bila ubao wa kukanyagia au yale makatambuga.

"Mbele ya wageni wote hawa unanifanyia hivi?"

"Niletee ubao."

"Basi kaa." Akamwita shoga yangu.

Nilimshika mkono. "Usiende."

"Wimbo mmoja tu," aliniambia. Alikuwa amejipaka hina siku ile, na alipendeza sana.

Ubeti wa kwanza aliuimba bila kuigusa maikrofoni. Kisha akanyoosha mkono kusogeza kile chuma kilichoibeba, na sauti ikakatika. Hakupiga kelele. Alisimama amekakamaa, vidole vimekibana kile chuma, kidevu kimeinuka, na ilichukua muda watu kuelewa kwamba hilo si pozi la uimbaji. Mpiga fidla, viatu vyake vimelowa chapa, alimrukia kumvuta, naye akatupwa kando, fidla ikavunjika chini yake.

"Msimguse!" nilipiga kelele. Nilikimbilia ukutani, nikakamata waya penye mpira mkavu, nikauvuta kwa nguvu zangu zote mpaka plagi ikachomoka. Shoga yangu akaanguka. Tulimbeba mpaka hospitali kwenye gari la bwana harusi. Alipona. Lakini kiganja kiliungua, na vidole viwili havikunyooka tena.

Baada ya siku kadhaa fundi wa umeme wa mji aliitwa. Aliifungua mashine, akaeleza kuwa plagi ya miguu miwili ikichomekwa upande huu mwili wa chuma unatulia, ikigeuzwa unabeba umeme; ndiyo maana siku nyingine iliuma na siku nyingine haikuuma. Ule waya wa kijani ndio uliotakiwa kuupeleka umeme huo ardhini badala ya mwilini mwa mtu. Na mtu aliyesimama pekupeku kwenye maji, alisema, amejifanya waya yeye mwenyewe. Wanaume walitikisa vichwa. Mwenyekiti aliuliza maswali mazuri, fundi akamjibu.

Tulipobaki wenyewe nilimwambia mwenyekiti, "Haya yote nilisema."

"Ulisema," alikubali. "Lakini hukueleza vizuri."

Hata leo nikiwa peke yangu jikoni hulitafuta jibu la kumpa.

Soketi ya tundu tatu ilifungwa ukutani, likawekwa na jamvi nene juu ya ubao pale tulipokuwa tunasimama. Siku ya kuizindua mwenyekiti alitoa hotuba, akisema kikundi chetu kinajali waimbaji wake kuliko vikundi vyote vya pwani hii. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitoka kabla hajamaliza, nikaenda kwa shoga yangu.

Nilimkuta anafua kwa mkono mmoja, mwingine ameuinua usiguse sabuni. Nikaketi kwenye kibao nikachukua nguo zilizobaki.

"Utarudi kuimba?" nilimuuliza.

"Mume wangu hataki."

"Na wewe?"

Alikamua shuka kwa kuliviringisha kwenye kiwiko, njia aliyokuwa amejifunza mwenyewe. "Mimi nataka," alisema. "Ndiyo maana sitaki uniulize tena."

Tuliendelea kufua mpaka nguo za kwenye beseni zikaisha.