Bluu ya Baba

Baba yangu, Jairus Otiende, alipiga dawa ya magugu kwenye shamba la chai kwa miaka ishirini na sita, na siku aliyostaafu hakutaka kurudi kwao Ugenya kama wenzake. Alinunua ploti ndogo huku nje ya Kipkelion, chini kidogo tu ya fensi ya shamba hilohilo lililommaliza kifua. Watu wa kwetu walipiga simu kumuuliza anataka kuzikwa wapi. Aliwajibu kwamba kwanza anataka kupanda maua. Mimi nilicheka sana. Mtu ameua majani maisha yake yote, leo anataka kuyalea! Nilimwambia hivyo usoni.

Si maua hasa aliyokuja nayo. Mwaka huo bustani ya nyumba ya meneja ilisawazishwa ili magari yapate pa kusimama, na kati ya vitu vilivyong'olewa kulikuwa na nyasi fulani ya kigeni. Inaota kwa mafungu ya duara, kama nungunungu aliyejikunja, na rangi yake ni bluu yenye mvi. Baba aliokota mafungu matatu, akayatia kwenye kikapu cha kuchumia chai, akaja nayo nyumbani kwa miguu.

Kuitunza ilikuwa kazi, tena kazi ya kijinga kwa maoni yangu. Nyasi hiyo inachukia maji kwenye mizizi, na huku kwetu mvua haikosi saa tisa ya mchana. Baba aliinua tuta, akalijaza kokoto na mchanga, mahali ambapo jua linapiga tangu asubuhi. Mbolea hakuipa hata kidogo, maana ikishiba inageuka kijani na kulala chini kama mlevi. Kila Januari aliipunguza kwa makasi, akaacha urefu wa kiganja, kisha akaichana kwa vidole kutoa makavu. Bluu yenyewe ni kama nta juu ya jani. Ukiisugua inatoka, chini unakuta kijani cha kawaida. Mwaka wa tatu fungu linaanza kufa katikati. Hapo analichimba, analipasua kwa kisu, anatupa kiini kilichooza na kupanda vipande vya pembeni. Fungu moja linazaa manne, manne yanazaa kumi na sita.

Sasa lazima nieleze kitu kimoja, maana bila hicho hutanielewa. Huku kwetu nyasi ya bluu ilikuwa na maana yake. Dawa ya magugu ilichanganywa na rangi ya bluu, ili mpigaji aone alipopita na jirani ajue asikate hapo. Baba mwenyewe, alipokuwa nyapara wa wapigaji, alitumwa kuzunguka makanisani na sokoni kutangaza: ukiona bluu, hiyo ni sumu, kaa mbali. Watu walimsikia. Hata mtoto asiyejua kusoma alijua kuogopa bluu.

Kwa hiyo jirani yetu Chepchumba alipoona mafungu ya baba mara ya kwanza, alisimama barabarani na kuvuta kamba ya ng'ombe wake. Chepchumba ni mjane, mwanawe Bethwel yuko mbali kikazi, na tegemeo lake lilikuwa ng'ombe huyo mmoja mweupe aitwaye Chelel. Maziwa ya Chelel ndiyo yaliyomlisha.

"Mzee, umemwaga dawa kwa mlango yako?" akauliza.

"Hapana, Mama Bethwel. Hii ni nyasi tu. Imezaliwa na rangi yake."

Chepchumba hakusogea. Basi baba akachuma majani mawili, akayatia mdomoni, akayatafuna mbele yake huku akitabasamu. Kisha akampa Chelel machache, naye akala. Nilipiga makofi kwa kuona mzee wangu anavyojua kuwabembeleza watu.

Tangu hapo kila Januari baba akawa anamwekea Chepchumba nyasi yote aliyoikata, mzigo uliofungwa vizuri, pale fensi ya shamba inapokutana na ploti yetu. Na mafungu yakaendelea kupasuliwa. Molly, wa nyumba ya chini, akachukua manane akazungushia mlango wake. Waceke mwenye duka akapanda mstari mzima, kisha akaanza kuyapeleka mbali, gunia moja Londiani, mawili Siongiroi. Mwaka wa sita ukisimama kwetu ukatazama chini, kila nyumba ya kando ya fensi ilikuwa na bluu yake. Wageni walipiga picha. Niliona fahari, sitasema uongo.

Baba peke yake ndiye aliyeacha kufurahi. Jioni moja tulipita kwa Molly, tukamkuta mtoto wake mdogo amekaa juu ya fungu, anang'oa majani na kuyatia mdomoni, mama yake anamwangalia na kucheka. Baba alisimama mpaka nikamshika mkono.

"Beverly," akaniambia kwa sauti ya chini, "hawa watu hawaogopi tena."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

Usiku huo hakula. Kuanzia hapo alikuwa akitoka kila asubuhi kwenda kutembea kando ya fensi, akichungulia ndani ya shamba. Nilidhani ni uzee. Shamba lilikuwa limeacha dawa upande wetu kwa muda mrefu, walikuwa wakifyeka kwa panga, na nilimkumbusha hivyo zaidi ya mara moja. Alisema watu wa kufyeka wamepunguzwa, na magugu hayasubiri mtu. Nilimwambia aache kutafuta matatizo. Naona aibu kuandika maneno hayo.

Januari iliyopita kifua kilimzidi, nikampeleka hospitalini Kericho. Tulilala huko siku mbili. Nyasi zake zilikuwa bado hazijakatwa mwaka huo, na alilalamikia hilo njia nzima ya kurudi. Tulifika giza limeshaingia, hatukuona kitu.

Asubuhi Chepchumba alikuja kumjulia hali. Alikuwa amechangamka.

"Asante sana mzee," akasema, akikaa kwenye kigoda. "Nilijua tu hata ukiwa mgonjwa hutasahau Chelel. Lakini mwaka hii umepanda mingi! Fensi yote mpaka kwa kona. Nimekata mzigo mbili jana."

Baba aliweka kikombe chini. Hakuwahi kupanda jani hata moja kwenye fensi.

"Nionyeshe mikono, mama," akasema.

Chepchumba akaikunjua akicheka, akidhani ni mzaha. Viganja vyake vilikuwa bluu mpaka kwenye vifundo. Nyasi ya baba haijawahi kumpaka mtu rangi.

Sijui mzee yule aliyeshindwa kupanda ngazi za hospitali alipata wapi mbio. Tulimkuta kwenye boma la Chelel amepiga magoti, anakoroga udongo wa mfinyanzi na maji kwenye ndoo, kama walivyofundishwa kazini, maana udongo hunyonya sumu. Alimnywesha Chelel kwa chupa, na Chepchumba alishika pembe, akiziachia tu kwenda kunawa mikono kwa sabuni mara ya tatu na ya nne. Daktari wa mifugo alifika mchana, akatazama ulimi wa ng'ombe uliochubuka, akatuuliza amekula tangu lini. Tulipomwambia tangu jana, alifunga begi lake polepole.

Chelel alikufa siku ya tatu, na ndama wake wa miezi saba alikuwa tumboni.

Nilitegemea Chepchumba atapiga kelele. Ningemwelewa, hata angetupiga mawe. Alikuja tu na kusimama pale nje, shuka mabegani. Baba alitoka, akavua kofia.

"Ni mimi nilikwambia usiogope," akasema. "Si kosa lako. Ni mdomo wangu."

Chepchumba hakumtazama. Alitazama tuta letu, akatazama mlango wa Molly, ambapo mtoto alikuwa akicheza, akatazama mstari wa Waceke unaoshuka mpaka barabarani, na nyuma yake ukanda mrefu wa fensi. Kote kulikuwa bluu, na kutoka pale tulipokuwa hata mimi sikuweza kutenganisha nyasi na sumu.

"Sasa mzee," akauliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kufundishwa, "nitakuwa najua aje?"

Kule juu tulisikia pampu za dawa zimeanza tena, na zilikuwa zinashuka upande wa kina Molly.